Ukitaka kubuni dawa ya presha, anzia kliniki

Kupata kitu kinachoshusha presha si kazi kubwa. Sumu ya nyoka inashusha. Kuhara siku mbili mfululizo kunashusha. Msesewe, mti ambao Wachaga hutia magome yake kwenye mbege, ni wa jenasi moja na mmea wa India uliotupa reserpine, dawa iliyotenganishwa mwaka 1952. Ilishusha presha za watu wengi duniani, na pia ikahusishwa na huzuni nzito kwa baadhi yao. Kwa hiyo kijana akinifuata hapa Tanga na kuniambia, "Kaka, nimepata kampaundi inashusha presha," sianzi kwa pongezi. Namuuliza: presha ya nani? Kwa saa ngapi? Na huyo mtu ataimeza mpaka lini?

Swali la tatu ndilo linalowashinda. Mtu wa presha mara nyingi haumwi popote. Unamwomba ameze kitu kila siku, pengine miaka thelathini, kwa ajili ya kiharusi ambacho hajakiona. Kidonge kikimkera hata kidogo, atakiweka kabatini na hatakwambia.

Mimi ni mfamasia. Nilifanya kazi ya kemia ya dawa Afrika Kusini kabla ya kurudi nyumbani, na siku hizi wanafunzi wa famasia na kemia hunitafuta, wengine wakiwa na picha za molekuli kwenye simu, wengine wakiwa na mizizi kwenye mfuko wa rambo. Ushauri wangu ni mmoja: anza na mgonjwa, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye molekuli. Wengi huenda kinyume. Wanaipenda molekuli kwanza, halafu wanaitafutia mgonjwa.

Kwa hiyo kabla hujafungua programu yoyote ya kompyuta, omba ruhusa ukae kliniki ya presha. Usikae upande wa daktari. Kaa kwenye benchi, na wanaosubiri. Siku moja nilikaa karibu na mama mtu mzima wa Makorora. Nilimwamkia, tukaulizana habari za watu wa nyumbani, tukafika kwenye dawa. Alikuwa amevifunga vidonge vyake kwenye pindo la leso. Akafungua fundo, akanionyesha kwa kidole.

"Hiki nakimeza kila siku, mwanangu. Hiki cha mkojo, siku ya safari sikimezi. Basi la Lushoto litanisimamia wapi?"

Kidonge cha mkojo kilikuwa hydrochlorothiazide, dawa nzuri na ya bei nafuu, na iliyochunguzwa kuliko nyingi. Hakuna panya wa maabara atakayekueleza habari za basi la Lushoto. Tena mama yule alikuwa anasafiri mara kwa mara, maana ana wajukuu huko, na harusi za Tanga hazina msimu.

Au chukua Ramadhani. Mji huu ukifunga, dawa ya kumeza mara tatu kwa siku haina nafasi. Captopril hutolewa mara mbili au tatu kwa sababu nusu yake huisha mwilini kwa takriban saa mbili. Amlodipine huchukua saa 30 hadi 50 kupungua nusu, kwa hiyo mtu anaweza kuimeza wakati wa futari au daku, na hata akisahau siku moja presha yake hairuki ghafla. Unapokaa mbele ya kompyuta ukijiuliza utie kundi gani la atomi pembeni ya molekuli yako, hilo ndilo swali unalojibu: itakaa mwilini muda gani? Sasa hivi kuna sindano inayojaribiwa, zilebesiran, ambayo inazuia ini kutengeneza angiotensinojeni, protini inayozaa homoni ya kubana mishipa, na nguvu yake inadumu kwa miezi, kiasi kwamba dozi zimejaribiwa kila baada ya miezi mitatu au sita. Sijui kama itafika kwenye duka la dawa la Ngamiani kwa bei ya kibinadamu, lakini walioibuni walikuwa wanamfikiria mtu asiyemeza vidonge vyake.

Hatua inayofuata ukirudi nyuma ni jaribio kwa binadamu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo namba zinapodanganya watu wenye akili timamu.

Jifunze kupima presha kwa mikono yako mwenyewe. Mtu aketi kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kupishana, mkono usawa wa moyo, kibofu kitupu. Asiwe amevuta sigara wala kunywa kahawa nusu saa iliyopita, na hapa kwetu mzee wa baraza anaweza kuwa ameshapiga vikombe vitatu vya kahawa chungu kabla hajapanda bodaboda. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huongeza namba. Mgonjwa akiongea wakati unapima, namba inapanda. Makosa haya yakijumlishwa yanaweza kuzidi yote ambayo dawa yako mpya inajidai kuyafanya.

Halafu kuna jambo gumu zaidi. Ukichagua watu kwa sababu siku ile presha zao zilikuwa juu, wengi zitashuka wiki zinazofuata hata ukiwapa maji ya bomba. Mwaka 2014 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani uitwao SYMPLICITY HTN-3, wenye wagonjwa 535, uliojaribu kuunguza neva zinazozunguka mishipa ya figo ili presha ishuke. Kwa waliofanyiwa kweli, namba ya juu ilishuka wastani wa milimita 14 za zebaki ndani ya miezi sita. Kwa waliolazwa mezani wakafanyiwa maigizo tu, bila kuunguzwa chochote, ilishuka karibu 12. Kabla ya hapo, tafiti zisizo na kundi la maigizo zilikuwa zimeripoti mteremko mkubwa na watu wakashangilia. Mbinu yenyewe baadaye iliboreshwa, na mwaka 2023 Marekani ikaruhusu vifaa vyake. Lakini zile 12 za bure zinatosha kumnyamazisha mtu yeyote anayesema, "nimewapa watu kumi na wote wameshuka." Walishuka kulinganisha na nani?

Uliza pia nani wamo kwenye jaribio. Kuna dawa iliitwa omapatrilat. Ilibuniwa kwa ustadi mkubwa: molekuli moja inazuia vimeng'enya viwili vinavyogusa presha, ACE (nitakieleza mbele) na neprilisini, na ilishusha presha kuliko enalapril, dawa ya presha iliyozoeleka. Katika utafiti wake mkubwa, OCTAVE, wenye wagonjwa zaidi ya 25,000, ilionekana kuwa inavimbisha midomo, ulimi na koo. Kwa wagonjwa wote kwa ujumla, waliovimba walikuwa asilimia 2.17, dhidi ya 0.68 kwa enalapril. Kwa watu weusi, ilizidi asilimia 5. Koo likivimba mtu anaweza kufa, na mwaka 2002 safari ya dawa hiyo ikaishia hapo. Jaribio lingekuwa na watu weusi wachache, tatizo hilo lingeonekana dogo kuliko lilivyo, na sisi ndio tungelipokea.

Upande wa pili ni utafiti wa CREOLE, uliochapishwa mwaka 2019: wagonjwa 728 weusi katika nchi sita za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Msumbiji. Ulionyesha kuwa amlodipine ikichanganywa na hydrochlorothiazide au na perindopril inashusha vizuri kuliko perindopril na hydrochlorothiazide bila amlodipine. Hakukuwa na molekuli mpya hata moja humo. Bado nauona kuwa na faida kwa mama wa Makorora kuliko nusu ya molekuli mpya ninazoonyeshwa kwenye simu.

Na usidhani mambo haya ni ya mbali. Korogwe, mkoani kwetu, na Bagamoyo vilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014. Kuna wauguzi, makarani wa takwimu na madereva katika mikoa hii wanaojua jaribio la kitabibu linavyoendeshwa kuliko maprofesa wengi. Ukipata nafasi ya kazi kwenye kituo kama hicho, hata ya kuingiza takwimu, ichukue. Utajifunza fomu ya ridhaa inavyosomwa kwa mtu asiyejua kusoma, na shahidi wake anakaa wapi. Utajifunza kwa nini kila kidonge kinachorudi kinahesabiwa. Na utajua mapema kwamba huwezi kumpa binadamu kitu chako kipya bila kibali cha maadili na ruhusa ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba nchini, hata kama binadamu huyo ni mjomba wako na anakusihi.

Rudi nyuma tena. Mgonjwa wa kwetu hamezi dawa moja. Anaweza kuwa kwenye dozi ya kifua kikuu, na rifampicin inaliamsha ini lichome haraka dawa nyingi, zikiwemo za presha kama nifedipine na ndugu zake. Leo presha, kesho malaria, atameza dawa ya mseto, ambayo nayo inapita kwenye kimeng'enya kilekile cha ini, CYP3A4. Mibefradil, dawa ya presha, iliruhusiwa Marekani mwaka 1997 na mwaka uliofuata ikaondolewa sokoni duniani kote, kwa sababu ilikizuia kimeng'enya hicho na dawa nyingine zikajazana mwilini. Vipimo vya CYP3A4 havina gharama ya kutisha siku hizi. Vifanye mapema, kabla hujaipenda molekuli yako kiasi cha kuitetea.

Joto na unyevu pia. Tanga mwezi Machi, chumba chenye bati, kopo la dawa limefunguliwa na kufungwa mara ishirini. Perindopril ilianza na chumvi ya erbumine, baadaye wenyewe wakaibadilisha kuwa ya arginine ili istahimili nchi za joto na unyevu. Molekuli ni ileile, kilichobadilika ni kile ilichofungamanishwa nacho. Kazi kama hiyo haikupi sifa kwenye mikutano, ila inaokoa kidonge.

Wanyama nitawapita haraka. Panya wanaotumika zaidi ni wale wa Kyoto, uzao uliokuzwa na Okamoto na Aoki na kutangazwa mwaka 1963, ambao presha yao hupanda wenyewe wakikua. Wapime kwa utulivu, maana panya aliyebanwa na kufungwa mkanda mkiani naye ana wasiwasi kama mgonjwa wa kliniki. Na usisahau kuchunguza figo zao pia.

Sasa ndipo tunafika kwenye molekuli, mahali ambapo vijana wangependa tuanzie. Soma historia ya captopril, na uisome polepole. Mbrazili Sérgio Ferreira alikuta ndani ya sumu ya nyoka jararaca kitu kinachozidisha nguvu ya bradikinini, kemikali ya mwili inayolegeza mishipa, akachapisha mwaka 1965, kisha akakipeleka London kwenye maabara ya John Vane. Huko ikaonekana kinazuia ACE, kimeng'enya kinachotengeneza angiotensini ya pili, ile inayobana mishipa. Kampuni ya Squibb ikatengeneza peptidi moja ya sumu hiyo, teprotide. Ilishusha presha, lakini kwa sindano tu, kwa sababu ukiimeza inameng'enywa kama nyama.

Miguel Ondetti na David Cushman walikuwa wamekwama. Hakuna aliyejua ACE ina umbo gani. Wakasoma makala kuhusu kimeng'enya kingine kabisa cha kongosho, chenye zinki katikati, na namna kinavyozuiwa na molekuli ndogo. Wakakisia kwamba ACE nayo ina zinki na inafanana nacho. Wakaunganisha asidi ya suksiniki na prolini. Ilikuwa dhaifu sana, ila ilizuia ACE, na wao walijua kwa nini. Hapo wakabadilisha kitu kimoja kimoja. Waliongeza tawi dogo la methili, ikapata nguvu. Kundi la asidi linalogusa zinki walilitoa wakaweka salfa, na nguvu ikaruka takriban mara elfu, mpaka ukolezi mdogo sana, nanomola 23, ukatosha kuzima nusu ya kazi ya kimeng'enya. Hiyo ndiyo captopril, iliyotangazwa mwaka 1977 na kuruhusiwa Marekani mwaka 1981.

Kinachonivutia si werevu wao tu. Walikuwa na kisio moja lililoandikwa wazi, na kila molekuli waliyoitengeneza ilikuwa swali kwa kisio hilo. Umbo halisi la ACE lilionekana mwaka 2003, kwa kazi ya pamoja ya vyuo vikuu vya Bath, Uingereza, na Cape Town, ambapo Ed Sturrock na wenzake walikuwa wameshughulika na kimeng'enya hiki kwa miaka. Dawa ilitangulia picha kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mgonjwa naye hakuacha kusema. Captopril iliwaletea baadhi ya watu vipele na kupoteza ladha ya chakula, na salfa ikashukiwa. Washindani wao, Merck, wakaiondoa wakapata enalaprilat, yenye nguvu lakini isiyofyonzwa vizuri tumboni, kwa hiyo wakaivika esta, kipande cha ziada ambacho mwili unakivua wenyewe: enalapril. Kikohozi kikavu kikabaki. Shangazi yangu alikohoa nayo usiku kucha, majirani wakaanza kumuuliza kama amepima kifua kikuu. ACE huvunja pia bradikinini, kwa hiyo ukiizuia ACE, bradikinini inajikusanya, na kikohozi kinahusishwa na hilo. Losartan, iliyoruhusiwa mwaka 1995, inaiacha ACE ifanye kazi yake, yenyewe inafunga kipokezi cha angiotensini. Shangazi alibadilishiwa na daktari wake, akalala.

Kuhusu kompyuta: pakua faili namba 1O86 kutoka hifadhi ya maumbo ya protini. Ni ACE ikiwa na lisinopril, dawa nyingine ya jamii ya captopril, ndani yake. Itoe lisinopril, kisha iambie programu iirudishe. Ikiirudisha kichwa chini, au ikishindwa kuielekeza kwenye zinki, majibu yake kuhusu molekuli yako hayana thamani, hata yakiwa na rangi nzuri. Nimesoma makala nyingi mno zinazoishia kwenye namba zinazotolewa na programu kama hizo na kuhitimisha kuwa dawa imepatikana. Mimi sizihesabu kuwa utafiti wa dawa. Ni orodha ya vitu vya kwenda kupima.

Na kupima kwenyewe kuna mitego, hasa kwa wenye mizizi. Babu mmoja wa Muheza, mganga anayeheshimika, alinipa mzizi anaowapa watu wa presha. Kwa sifa yake, yeye huwaambia wasiache vidonge vya hospitali. Nilipouchemsha, maji yakawa ya kahawia kama chai ya rangi iliyokolea, na rangi hiyo peke yake ilinitahadharisha. Tanini, zile kemikali za ukakasi zilizomo hata kwenye chai, hushika protini yoyote inayopita mbele yake. Ukiziweka pamoja na ACE, kimeng'enya kinazimika na wewe unaandika "asilimia tisini" kwenye daftari. Kwa hiyo ondoa tanini kwanza, kisha rudia. Ongeza zinki uone kama kazi ya kimeng'enya inarudi, kwa sababu vitu vingi vya mimea vinainyang'anya tu zinki yake. Tumia captopril kama kipimo cha kulinganisha kila siku unapofanya kazi. Na kama unafuata njia ya Cushman na Cheung ya mwaka 1971 ya kupima kazi ya ACE, ambayo asidi ya hippuriki inayotokea inasomwa kwa mwanga wa nanomita 228, kumbuka kwamba viambato vya mmea navyo vinafyonza mwanga huohuo. Ni afadhali uitenganishe asidi hiyo kwa kromatografia ndipo uisome.

Mzizi wa babu, tanini zilipotoka, ulibakiwa na nguvu ndogo sana. Nilirudi Muheza kumwambia.

"Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikiwapa watu nini?" akauliza, na hakuwa anatania.

Nikamwambia ukweli wa kitaalamu: kushindwa kwenye ACE hakumaanishi mzizi haufanyi kitu. Nikamuuliza wateja wake wakinywa wanaona nini kwanza. Akasema bila kufikiri, wanakojoa. Basi swali linahama, linakuwa la figo na chumvi, na jaribio linalofuata ni kukusanya mkojo wa panya na kupima sodiamu na potasiamu.

Ukifika hapo, yapo mawili ambayo watu huyaacha mpaka yanawatokea puani. Andikeni makubaliano na mwenye maarifa kabla ya jaribio la pili, yenye jina lake na fungu lake endapo kitu kitapatikana, na chuo au taasisi yako isaini. Halafu peleka sampuli ya mmea ikatambuliwe na mtaalamu na kuhifadhiwa kwenye herbaria, hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ikiwa na namba, tarehe na mahali ilipochumwa. Iwe na maua au matunda. Mzizi mkavu na majani matatu havitamtosha, na atakurudisha Muheza ukasubiri msimu.